Mwenyeji ni Mwenye Mji

(Mhadhara kwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza wa utalii na wanakijiji wa pwani ya kusini mashariki ya Unguja)

Assalaamu alaykum. Wazee wangu, shikamooni. Bwana sheha, kina mama, na nyinyi vijana wa chuo mliopanda daladala kutoka mjini alfajiri, karibuni. Mmeniweka saa mbili asubuhi, na kabla sijasimama hapa mama mmoja keshanivuta kando akanikumbusha kwamba leo ni bamvua, maji hutoka mbali sana. Nimeelewa. Maji yakikimbia na nyinyi mtakimbia, na mimi nitabaki kuvihutubia viti.

Nimeombwa nizungumzie utalii wa mazingira na jinsi unavyowagusa watu wa visiwani, desturi zao na riziki zao. Mada hii huzungumzwa sana kwa lugha ya vipeperushi, kila kitu kizuri na kila mtu anacheka pichani. Mimi nitashika neno moja tu: mwenyeji. Wazee hulichambua hivi, mwenyeji ni mwenye mji. Ndiyo maana tunasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Methali haikusema mgeni njoo, mwenyeji aajiriwe. Sensa ya 2022 ilitukuta Wazanzibari milioni 1.9 kasoro kidogo, na mwaka uliofuata walitufikia wageni zaidi ya 600,000. Kwa hiyo wageni wamekuja, hilo halina mjadala. Nataka tutazame kama mwenye mji bado yupo, na kama yupo, anapanga nini.

Nianze nyumbani. Mama yangu alilima mwani. Kilimo cha biashara cha mwani kilianza 1989, upande wetu huu huu, Paje na Jambiani, kwa mbegu iliyotoka Ufilipino, na mama aliingia miaka miwili mitatu baadaye. Mimi nilikuwa mdogo, kazi yangu kubeba taitai. Kwa wale wa mjini wasiojua: unapigilia vigingi viwili mchangani, unakaza kamba baina yake, na kwenye kamba unaning'iniza vipande vya uzi. Hivyo vipande ndivyo taitai. Kila kimoja unakifunga kichipukizi cha mwani, ukubwa wa ngumi. Baada ya wiki sita ile ngumi imekuwa kama kichwa cha mtoto. Unavuna umeinama, maji yamekufika magotini, unajitwika gunia linalokuchuruzikia chumvi shingoni, unaanika siku mbili tatu. Kilo nane mbichi zinakauka zinabaki kama moja, na hiyo moja inauzwa shilingi mia chache. Huko inakokwenda wanaikamua ute wa kufanya dawa ya meno na aiskrimu ziwe nzito.

Pesa ilikuwa ndogo lakini ilikuwa ya mama. Alinunua kabati la vyombo ambalo mpaka leo lipo. Alishona sare zetu za skuli bila kumwomba baba hata senti. Zipo ndoa hapa kijijini zilizotikiswa na gunia la mwani, na zipo zilizotulizwa nalo, na baadhi ya wahusika nawaona mbele yangu wanatazama chini, basi niendelee.

Nilipokuwa darasa la saba ikajengwa hoteli karibu na shamba la kina mama. Sitaitaja. Ilikuwa ya makuti, nzuri, na kibao chake kimechorwa jani la kijani. Siku moja akaja meneja na mkalimani wake. Shida ilikuwa vigingi. Wageni wakiogelea wanajikwaa, na picha inaharibika. Mkalimani alilirudia hilo la picha mara mbili, kwa sababu kina mama hawakuelewa ni picha gani. Hawakufukuzwa, nisije nikasema uongo. Waliombwa kwa adabu, kila mmoja akapewa kanga, wakasogea. Walikosogea mawimbi ni makali, kamba zikawa zinakatika kila mwezi. Na hoteli kwenye matangazo yake ilikuwa ikisema inalinda bahari.

Msinielewe kwamba mwani wenyewe ni malaika. Vile vigingi vilikatwa kwenye mikoko. Kila riziki ya pwani inakula kitu cha pwani. Lakini kina mama walijua wanakula nini, na walikuwa na namna ya kuulizana. Hoteli ilipokuja, aliyeulizwa alikuwa nani? Kanga haikuwa swali.

Sasa nilete kisa kwenye leo. Mnajua bahari imepata joto. Mwani ule wenye bei, kotonii, unakufa kwenye maji ya kina kifupi, na kwenye kina kirefu wengi wa kina mama hawawezi kwenda kwa sababu hawakufundishwa kuogelea. Yupo mama ukumbini humu, amenikataza kumtaja, ambaye siku hizi anapeleka wageni shambani kwake. Anawaonyesha kufunga taitai, anawaacha wafunge wenyewe, wanafunga vibaya, anafungua baada ya kuondoka. Wageni wanne kwa saa moja humpa zaidi ya gunia zima lililokauka. Nikamuuliza, mama, mwani huu sasa ni wa kuuza au wa kuonyesha? Akacheka. "Mwanangu, mwani ni ule ule. Aliyebadilika ni anayelipa."

Nimelifikiri jibu lile tangu mwaka jana. Msomi angesema desturi imegeuzwa bidhaa, na angepata mada ya kuandikia makala. Mimi nilitazama kitu kingine. Mgeni mmoja alimtaka aende jioni, jua likizama, mwanga ni mzuri. Mama akamwambia jioni hakuna shamba, lipo chini ya maji. Njoo kesho saa nne. Na mgeni akaja kesho saa nne. Saa ya kazi imebaki kuwa saa ya bahari, na anayeisema ni yeye.

Linganisheni na ngoma za hotelini. Vijana wetu wanapiga kila Jumatano usiku, baada ya chakula, dakika arobaini, wamevaa ngozi za chui za kiwandani. Chui wa Unguja hajaonekana miaka mingi, na hakuna babu yangu aliyecheza msewe kwa ngozi ya chui. Siwalaumu vijana, wanalipwa na wana watoto. Ila ngoma isiyo na arusi wala jando, ngoma ya Jumatano kwa sababu Jumatano ndiyo zamu ya chakula cha baharini, hiyo imeshahama kwa mwenyewe.

Halafu nendeni Makunduchi kwenye Mwaka Kogwa, sherehe ya mwaka mpya wa Kishirazi. Wageni wanajaa, kamera tele. Wanaume wanapigana kwa magogo ya migomba, wanamalizana chuki za mwaka, kibanda cha makuti kinachomwa, kina mama wanaimba. Siku inahesabiwa kwa kalenda ya Mwaka, na wanaoihesabu ni watu wa Makunduchi wenyewe. Hakuna wakala wa safari anayeweza kuisogeza iangukie Jumamosi. Na kuna jambo lililo tamu kuliko yote. Kwa mila ya pale, siku ile ni vizuri kila nyumba iwe na mgeni, asiye na mgeni hajisikii vizuri. Ile shughuli ilikuwa na kiti cha mgeni kabla hotelini hakujajengwa ukuta. Ndiyo maana inawabeba wageni wengi hivyo na haijavunjika.

Maji. Hapa nitakwenda haraka kwa sababu hesabu yake haihitaji maneno. Utafiti uliofanywa pwani ya mashariki na kuchapishwa 2001 ulikuta mgeni mmoja anatumia wastani wa lita 685 kwa siku, na mwanakijiji lita 48. Geuzeni ziwe ndoo za lita ishirini. Mgeni ndoo 34, mama yako ndoo mbili na nusu kasoro. Maji hayo kwa sehemu kubwa yanatoka kwenye maji ya mvua yaliyojikusanya chini ya mawe yetu haya ya matumbawe, yakielea juu ya maji ya bahari. Ukivuta kwa pampu kubwa kupita mvua inavyorudisha, chumvi inapanda. Visima ambavyo bibi zetu walichota maji ya kunywa, leo vingine vinafaa kuoshea miguu tu. Ukiezeka makuti juu ya baa na ukaweka karatasi chooni ya kumwomba mgeni atumie taulo siku mbili, wakati pampu nyuma ya jiko inanguruma usiku kucha, huo siuiti utalii wa mazingira, hata ukiwa na vyeti ukutani.

Nakuona umeinua mkono muda mrefu. Haya, sema.

[Mwanafunzi aliuliza: kwa hiyo tukatae hoteli? Tutakula nini?]

Ahsante, na usikae, nisikilize umesimama hivyo hivyo, utani tu, kaa. Mimi nimesomeshwa na utalii. Miaka minne nilitembeza wageni, kwanza Mji Mkongwe, halafu msitu wa Jozani, na ada ya chuo ilitoka kwenye bahashishi za watu ambao siwezi hata kukumbuka nyuso zao. Ningekuwa mnafiki nikisimama hapa kuutukana. Kwa hiyo nikujibu kwa Jozani yenyewe, maana pale nimekaa.

Wazee wa vijiji vya Pete na Jozani walikuwa na ugomvi na kima punju. Jina lenyewe mnalijua, punju ni sumu. Wanashuka mashambani, wanakula vidaka vya nazi, na hapo zamani hakuna aliyewaona kama mali. Utafiti wa miaka ya 1990 ulihesabu minazi mmoja mmoja ukasema jambo la ajabu: pale kima wanapokula vidaka, mavuno hayapungui, kwa sababu wanaupunguzia mnazi mzigo na nazi zilizobaki zinakomaa vizuri. Nilimsomea hayo mzee mmoja mwenye shamba. Akanitazama akasema, "Mwambie huyo mtafiti aje apunguziwe mshahara, tuone kama unaobaki utakomaa."

Kilichomtuliza yule mzee hakikuwa utafiti. Ni kwamba wakulima walijiunga wakaunda umoja wao, UWEMAJO, na sehemu ya kiingilio anacholipa mgeni ikaanza kwenda kwao kama fidia ya mazao, na nyingine vijijini kwa mambo ya jamii. Pete wakapata njia ya mbao ndani ya mikoko ambayo mgeni anatembea juu yake. Msitu ukawa hifadhi ya taifa 2004. Hesabu mpya ya kima wa kisiwa hiki, iliyotangazwa 2017, iliwakuta zaidi ya 5,800, mara tatu ya ilivyodhaniwa. Nilipokuwa natembeza wageni walipenda kuona kima wakila makaa. Kweli, wanakula makaa ya mkaa, maana majani ya muembe na mkungu yana vitu vinavyolichafua tumbo na mkaa unavifyonza. Mgeni anashangaa. Mzee wa shamba anasema hata kima anajua dawa.

Je, mgao ule unatosha? Hautoshi, na kila mwaka kuna manung'uniko nani amepata na nani amerukwa. Lakini tofauti na kanga ya meneja ni hii: manung'uniko yana pahala pa kwenda. Kuna umoja, kuna daftari, kuna kikao cha kugombana. Mimi nikiambiwa mradi fulani wa utalii wa mazingira ni mzuri, sitauliza kwanza umepanda miti mingapi. Nitauliza wanakijiji wanagombania wapi.

Kizimkazi, kusini ya kisiwa hiki, hawajapata pahala kama hapo pa kugombana juu ya pomboo. Mpaka miaka ya 1990 pomboo alivuliwa akawa chambo cha papa. Utalii ulipokuja ikaonekana akiwa hai ana faida zaidi, na uvuvi ule ukakoma. Jambo jema kabisa. Lakini nendeni asubuhi ya Julai mkatazame boti zinavyolizingira kundi moja, mashine zinaunguruma, watu wanarukia vichwani mwao. Watafiti wamesema kwa miaka mingi kwamba wanyama wale wanakosa kupumzika. Manahodha wanajua kuliko watafiti. Mmoja aliniambia, nikizima mashine nikakaa mbali, mgeni wangu anamwonyesha kidole mwenzangu aliyekwenda karibu, na dalali wa mjini hanipi wageni kesho. Dalali ameshachukua zaidi ya nusu ya pesa, na saa ya kutoka baharini anaipanga yeye. Nahodha amebaki kuwa mwenye chombo tu.

Kuna kisiwa cha Chumbe, na wanafunzi wengi mtaandika insha juu yake kwa sababu inapendeza kuandikwa. Mwamba ulihifadhiwa kisheria 1994, vyumba saba tu vya wageni, maji ya mvua, wavuvi waliogeuka walinzi, watoto wa skuli wanapelekwa kuona matumbawe ambayo baba zao wanavua juu yake bila kuyaona. Nimekwenda, nimeupenda. Ila kumbukeni kile ni kisiwa kisicho na kijiji. Ni rahisi kuishi vizuri na jirani asiyekuwepo.

Kwa hiyo mimi hupenda zaidi kuwapeleka wanafunzi Pemba, kwenye Misali, ambako pia hakuna kijiji lakini kuna dago. Wavuvi kutoka shehia nyingi za magharibi ya Pemba hupiga kambi pale, wanakausha samaki, wanalala, wanaondoka na upepo. Wazee wanasimulia kwamba Nabii Khidhri alifika akataka msala wa kusalia. Hawakuwa nao. Akasema kisiwa hiki kitakuwa msala wangu, kwa kuwa ufukwe wake umeelekea kibla. Ndiyo Misali. Miaka ya 1990 walitokea wawekezaji wa kutaka kujenga hoteli ya kifahari. Wavuvi walikataa, wakapata wa kuwaunga mkono, na 1998 kisiwa kikatangazwa eneo la hifadhi, na sehemu ya maji yake ikafungwa isivuliwe kabisa.

Wavuvi wenyewe wakaanza kuingia sehemu iliyofungwa. Walikatazwa na serikali, na serikali haina boti kila siku. Ndipo masheikh wakaingia. Hotuba msikitini juu ya amana, juu ya "wala msifanye israfu", zikafika ambako boti ya doria haikufika. Msidhani nasema dini ni dawa ya mwamba. Watu wana njaa na nyavu zenye macho madogo bado zipo. Nasema kisiwa kile kilikuwa na sheria na hadithi yake kabla ya mradi, na mradi ulianza kueleweka ulipokubali kuzungumza lugha ya hadithi ile. Watalii wanakwenda Misali, mchana, wanalipa, wanaogelea, jioni wanarudi Pemba. Anayelala ni mvuvi.

Nikimbie kidogo, naona watu wa nyuma wameanza kutazama nje.

Kisiwa cha Wasini, kusini mwa Kenya, ng'ambo ya Shimoni. Wavumba, ndugu zetu kabisa, ukiwasikia wanavyosema utadhani umepotea njia ukafika Mtang'ata, kule pwani ya Tanga. Kisiwa hakina mto wala kisima cha maji matamu ya kutosha. Tangu zamani wanakusanya mvua kwenye jabia, birika kubwa la chokaa ardhini. Bahari yao ya kusini iliwekwa chini ya hifadhi ya Kisite na Mpunguti tangu miaka ya 1970, kiingilio kinalipwa serikalini, na kwa muda mrefu wageni walipita mbele ya kijiji kwenda kuzamia na kurudi. Wanawake wa Wasini wakatazama nyuma ya nyumba zao. Kuna bustani ya matumbawe makongwe yaliyosimama juu ya nchi kavu, maji makubwa yakija yanaingia chini yake, na mikoko pembeni. Wakasaidiwa kujenga njia ya mbao, wakaweka kiingilio kidogo, wakakishika wao. Pesa imelipia ada za watoto na mambo ya kijiji.

Lakini ninachotaka mkione ni sahani. Mgeni akila chakula cha mchana pale anapewa kaa, wali wa nazi, na mboga pwani. Mboga pwani ni jani nene la chumvi linaloota kwenye matope ya ufukweni, chakula cha siku ambayo hukupata kitu. Bibi zetu walikificha mgeni akiingia. Pale Wasini linachemshwa maji yakamwagwa chumvi ipungue, linatiwa tui, linawekwa katikati ya meza. Nilikula nikaomba tena. Yule aliyenipakulia akaniuliza kwetu tunalipikaje, na nikaona haya kumjibu kwamba kwetu hotelini wanaagiza spinachi kutoka bara.

Mabinti. Na hili niliguse. Hoteli nyingi za pwani hii zina wafanyakazi wengi kutoka bara na Kenya, na vijana wetu wanalalamika maskani. Sababu moja ni vyeti na Kiingereza. Nyingine tunaijua na hatuisemi mbele ya wageni: baba anaogopa binti kufanya kazi kwenye pombe na kurudi usiku. Hofu hiyo siidharau, nami nina binti. Lakini nimeona hoteli ndogo zilizokaa na wazazi, zikapanga zamu za asubuhi, usafiri wa kurudi, na sare ya buibui na mtandio, na mabinti wakaja. Zile zilizoleta sare kutoka ng'ambo na kusema hizi ndizo, zinaendelea kutangaza nafasi.

Kazi yenu ya muhula, wanafunzi, ni nyepesi. Chagueni hoteli moja, boti moja au ziara moja, msiniletee sera yake ya mazingira. Nileteeni ratiba yake ya siku saba, na pembeni ya kila saa mniandikie nani aliyeiweka.

Nilikuwa na jambo la pweza, jinsi wenzetu wa Kisiwa Panza, kule Pemba, wanavyoufunga mwamba miezi kadhaa kisha wanaufungua kwa shangwe, lakini kina mama wa mstari wa tatu wameshafunga kanga viunoni. Saa nne kasorobo. Maji yametoka. Bwana sheha, maswali tuyaweke jioni yakijaa.